Kipkurui Wetu, Haukuwa Moyo

ISAIAH KIPKURUI
1994 – 14 Juni 2024

Mwaka umetimia leo, Kipkurui, tangu ulipotutoka ile asubuhi ya Ijumaa, siku ya kuchuma chai, umande ukiwa bado umelala kwenye majani. Mahindi yalivunwa bila wewe. Mvua ndefu imekuja na imekwenda. Majani yamechumwa yakaota, yakachumwa yakaota, na hakuna mtu wa kutuambia kwamba chai tunayokunywa ni vumbi, ile nzuri imeenda Mombasa.

Siku ya kukuzika tulisema ni moyo. Mchungaji alisoma kwa karatasi, "Ndugu yetu aliugua moyo kwa muda mfupi," na watu wakatikisa kichwa, wengine wakasema hata baba fulani alienda hivyo hivyo. Haukuwa moyo. Moyo wako ulikuwa mzima kama wa ndama. Ni Kogo, nyanya yako Rodah, aliyemwambia mchungaji aandike vile, na ni yeye anayetaka leo iandikwe jinsi ilivyokuwa, kwa sababu kuna mtu hapa nyumbani amebeba lawama ya kifo chako mwaka mzima na mzigo si wake.

Tena dada yako Chepkirui hapokei simu zetu. Lakini tunamjua. Hawezi kuona picha yako gazetini halafu afungue ukurasa mwingine. Kwa hiyo tunaongea na wewe, Kipkurui, na yeye asikie.

Ulikuja kwa Kogo ukiwa na miaka minne, baada ya mama yenu kufariki. Chepkirui alikuwa na tisa. Alikuwa amekushika mkono na hakutaka kuuachilia hata mlangoni, ikabidi muingie kwa upande kama watu wanaopita kwa ua. Kogo aliwapa mursik, maziwa ya kugandishwa, kwa kikombe kimoja kwa sababu vikombe vilikuwa havijaoshwa, na kuanzia siku hiyo mlikataa kunywa kwa viwili.

Ulikuwa mtoto wa kuuliza. Uliuliza kwa nini majani yanachumwa mawili na chipukizi, si matatu. Uliuliza lori la chai likitoka kiwandani linaenda wapi. Mjomba wako Bethwel, mwana wa Kogo, akakuambia linaenda mpaka mahali maji yanapoacha kuwa matamu. Ukasema, "Basi mimi nitaendesha hilo." Na ukaendesha. Ulipopita pale njia panda na lori limejaa, ulipiga honi mara tatu, na Kogo popote alipo, hata akiwa chini ya ng'ombe, aliinua mkono. Hukumwona. Lakini aliinua.

Ulikuwa unatuletea nazi ambazo hakuna aliyejua kuzivunja, na samaki wakavu ambao paka peke yake alishukuru. Ng'ombe wetu uliwapa majina ya vituo vya njiani: Voi, Mtito, Emali. Bethwel alikasirika kidogo. Alisema, "Ng'ombe ana jina lake, si steji." Lakini baada ya wiki moja tukamsikia mwenyewe huko zizini, "Sogea, Mtito, sogea mama," na tukacheka mpaka Janeffer mkewe akamwaga unga.

Kwa kwaya ya kanisa ulikuwa sauti ya chini. Viatu vyako vya mpira uliviosha kabla ya kuingia, na vya wengine pia kama umevikuta. Toroli la jirani likivunjika lilikuja kwetu bila kuitwa. Hivyo ndivyo ulivyokuwa, na mtu asituambie kwamba mwenye kutumia kile kitu kilichokuua ni mtu mbaya. Sisi tuliishi na wewe.

Ilianza na bega. Lori lililala ubavu njiani, ukaumia, na ukapewa vidonge vya maumivu. Vilipoisha ukanunua vingine dukani kando ya barabara, bila karatasi ya daktari. Kogo aliviona mfukoni akifua suruali yako.

"Hizi ni za nini, weri, kijana wangu?"

"Ni za bega, Kogo."

Bega likapona. Vidonge havikuisha. Baadaye havikutosha, na huko Mombasa ukaonyeshwa ile heroini ya kahawia. Sisi hatukujua. Tulijua tu kwamba honi imekuwa moja, kisha lori likawa linapita bila honi, kisha likawa na dereva mwingine.

Chepkirui ndiye aliyekutafuta. Aliomba ruhusa shuleni anakofundisha, akapanda basi mpaka Mombasa na picha yako ya kipaimara. Siku ya tatu akakutana na Okeyo, mtu mwembamba mwenye kofia ya kufuma. Okeyo mwenyewe aliwahi kuwa huko ulikokuwa, akatoka, na kazi yake sasa ni kutoa wengine. Aliangalia picha akasema, "Huyu amenenepa hapa. Lakini namjua. Wiki iliyopita nilimwamsha."

Chepkirui hakuelewa kuamsha ni nini. Okeyo akamweleza. Ulikuwa umeanguka nyuma ya choo cha soko, midomo ya bluu, pumzi hakuna, na watu wamesimama wanasema huyu kwisha. Okeyo alikuwa na dawa mfukoni, inaitwa naloksoni. Alikudunga paja. Hata dakika tatu hazikuisha, ukafungua macho.

"Alisema nini?" Chepkirui akauliza, akilia.

"Alinitusi," Okeyo akasema. "Wote hutusi. Hiyo dawa inafukuza ile nyingine ghafla, mtu anaamka mgonjwa na hasira. Mimi nikisikia tusi, namshukuru Mungu."

Okeyo akampeleka mpaka ulipokuwa, ukakubali kutibiwa. Miaka miwili ulipanga foleni kila asubuhi kwa kliniki ya huko, ukinywa dawa ya kuachisha heroini kwa kikombe kidogo mbele ya muuguzi. Daktari akawa anaipunguza pole pole mpaka ikaisha. Septemba ya mwaka juzi ukaja nyumbani. Okeyo alikusindikiza mwenyewe, akiwa na mkebe mdogo wa bluu ndani ya mfuko wa koti. Ndani ya mkebe kulikuwa na vichupa viwili vya naloksoni na sindano mbili ndani ya karatasi zake.

Huo mkebe ndio habari yote, Kipkurui. Unajua.

Okeyo alitukalisha jikoni, Kogo, Bethwel na Janeffer. Wewe ulikaa kwa kigoda karibu na moto, umejikunyata kama mtu anayesomewa kesi.

"Nyanya, umewahi kushika sindano?" Okeyo akauliza.

Kogo alicheka mpaka akashika ubavu. "Kijana wangu, mimi nimedunga ng'ombe kabla mama yako hajaolewa."

"Sawa. Lakini huyu hana pembe za kushikwa."

"Na mimi sirushi teke," ukasema.

"Hilo sijui," Kogo akasema. "Ukiwa mdogo ulirusha."

Akatufundisha kwa avokado iliyoiva. Kogo alidunga ikaenda sawa mara ya kwanza. Bethwel alidunga mpaka kokwa, Okeyo akasema, "Mzee, hapo umefika mfupa, mgonjwa ameamka kukupiga." Tulicheka. Wewe pia ulicheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu ushuke basi.

Halafu Okeyo akaacha kucheka. "Sikilizeni. Sasa ndio hatari kubwa, si zamani. Mwili wake umepumzika, umesahau. Akirudia siku moja tu, kwa kipimo kile cha zamani, kinamwangusha. Ukimkuta anakoroma vibaya, midomo imebadilika, mwite jina. Msugue hapa kifuani na vifundo vya vidole. Haitiki? Mpumulie mdomoni. Dunga paja. Mpumulie tena. Dakika tatu, hajaamka, dunga ya pili. Akiamka mlaze ubavu na usimwache, kwa sababu dawa inaweza kuisha nguvu alale tena. Usimmwagie maji. Usimnyweshe maziwa. Na usikimbie kuita watu wa maombi kwanza."

"Mbona tusiombe?" Kogo akauliza.

"Omba, Nyanya. Omba ukimpumulia."

Akasimama, akaweka mkebe kwenye rafu ya sebuleni, karibu na redio. "Hii ikae hapa, wazi, kama kiberiti. Siku ya kuitaka hakuna wakati wa kutafuta."

Ulikaa nasi miezi tisa. Tunataka watu wajue hiyo miezi tisa ilikuwa mizuri, isije ikafunikwa na siku moja. Uliamka wa kwanza. Uling'oa mkaratusi uliokuwa unakausha chemchemi, ambao Bethwel aliusema miaka kumi bila kuugusa. Ulichuma kushinda akina mama, wakakuita Mashine. Krismasi Chepkirui alikuja, mkanywa kwa kikombe kimoja tena, watu wazima, mkigombania nani amekunywa zaidi. Alipoondoka aliangalia mkebe kwa rafu, akaupangusa vumbi na kidole, akasema, "Ukae hapo hapo." Kogo akasema, "Utakaa."

Haukukaa.

Mwezi wa sita, zamu ya ushirika wa akina mama wa kanisa ikafika kwetu. Mama ishirini, siku ya Jumatano. Wewe ulipaka ukuta chokaa. Kogo aliosha vitambaa vyote. Na Esnah, mwenyekiti wa ushirika, ni mtu mzuri, amezika na sisi, ametulimia tukiwa wagonjwa, lakini macho yake hutangulia salamu. Akiingia nyumba anasoma kalenda, anasoma picha, anasoma dawa zilizo mezani na kuuliza ni za nani. Esnah, ukisoma hapa utatusamehe. Hata wewe unajua.

Asubuhi ya Jumatano Kogo alisimama mbele ya rafu. Tulikuwa tumewaambia watu wa kanisa kwamba ulirudi kwa sababu ya bega. Aliona vile Esnah atachukua ule mkebe, atafungua, atauliza, "Mama Rodah, sindano ni za nini sebuleni?" na mama ishirini watanyamaza kusikia. Chumbani hakuweza kuuweka, maana huko ndiko wageni huweka makoti na watoto wanaolala. Kwa hiyo akaupeleka kwenye stoo ya maziwa, akauweka ndani ya sanduku la dawa za ng'ombe. Sindano kati ya sindano. Nani angeuliza? Akafunika na kitambaa chake cha kufuma, akasema ataurudisha jioni.

Ushirika ukaisha vizuri. Walisifu chokaa yako. Jioni Kogo alikuwa na sufuria za kuosha, vikombe vya kurudisha kwa majirani, na mkebe ukalala huko. Alhamisi alikumbuka akiwa mbali, kwenye majani, akasema nikifika. Akafika, akasahau.

Hiyo hiyo Alhamisi Emali alivimba kiwele na ndama wake akawa anakohoa. Bethwel akafungua sanduku. Sindano zake zilikuwa butu. Stoo ni giza; akapapasa chini ya kitambaa, akafungua mkebe bila kuona rangi yake, akatoa mbili mpya, ziko kwa karatasi, akafikiri Mama amenunua. Alidunga ng'ombe na moja, ndama na nyingine. Na kwa vile Bethwel ni mtu msafi, ambaye daktari wa mifugo alimwonya asiache sindano mahali watoto wanacheza, alizitupa zote mbili, pamoja na zile butu, ndani ya choo. Vile vichupa vidogo hakuvitambua. Aliviacha.

Na Alhamisi hiyo, kwenye soko, ulikutana na mtu wa siku zako za lori. Hatumjui na hatumtafuti. Tunajua tu kwamba ulirudi ukiwa umenyamaza, ukala kidogo, ukamwambia Kogo kesho utarekebisha ua wa ndama.

Ijumaa saa tatu na nusu Kogo alikuletea chai chumbani. Ulikuwa umepiga magoti kando ya kitanda, kichwa kimelala juu ya blanketi. Alifikiri unaomba. Alifurahi, Kipkurui. Alirudisha mlango pole pole ili asikukatize, akaweka kikombe chini hapo nje, akaenda kumnywesha ndama.

Aliporudi, kikombe kilikuwa palepale na chai imeshika utando. Akasikia ule mkoromo. Akajua.

Alikugeuza. Midomo ilikuwa imebadilika. Alikuita, alikusugua kifuani jinsi alivyofundishwa, alikupumulia, akakimbia kwenye rafu. Mkono wake ulishika redio. Hapo ndipo alipokumbuka. Akakimbia stoo, akatoa kitambaa, akafungua mkebe, akakuta vichupa viwili na karatasi hakuna.

"Bethwel! Sindano!"

Bethwel alikuwa kwenye majani, karibu tu, kikapu mgongoni. "Sindano gani, Mama?"

"Za Kipkurui! Za mkebe!"

Alisimama. Kogo aliona uso wake ukibadilika. "Si zilikuwa na za ng'ombe?" akasema. "Mama, si zilikuwa na za ng'ombe?"

Kogo alinyoosha mkono kuelekea barabarani. Alisema, "Kimbia." Na Bethwel alikimbia kwenye pikipiki bila kuvua kikapu, majani yakimwagika njia yote mpaka barabarani, kwenda duka la dawa za mifugo.

Kogo alirudi kwako. Alikupumulia. Ana miaka sabini na moja, na kifua chake ni cha mtu aliyepika kwa kuni maisha yote, lakini alikupumulia. Alihesabu kama alivyofundishwa, akapoteza hesabu, akaanza tena. Jirani alikuja na kikombe cha maziwa akisema ni sumu, mpeni maziwa, Kogo akausukuma mkono wake ukamwagika. Alipumua mpaka akaona nyota, akaanguka kando, akapumzika. Hajui alipumzika muda gani. Anauliza hilo kila siku na hakuna wa kumjibu. Akainuka tena.

Bethwel alirudi na sindano tano mkononi, kana kwamba uko mahali tano. Kogo alidunga. Mkapumua pamoja, yeye na wewe, lakini ilikuwa pumzi yake yote. Akadunga ya pili. Akakaa akisubiri umtusi. Alikuwa amesimuliwa kwamba wote hutusi, na aliinamisha sikio mpaka mdomoni kwako. "Nitusi, weri," akasema. "Nitusi mimi, sema chochote."

Chepkirui alifika alasiri. Hakulia kwanza. Alienda moja kwa moja kwenye rafu, akasimama. Sebule ilikuwa imejaa watu. Kogo alikuwa ameshika chupa ya chai, anawamiminia wageni, kwa sababu mikono haikuwa na kazi nyingine.

"Mkebe ulikuwa hapa," Chepkirui akasema. "Niliuona Krismasi kwa macho yangu. Nani aliutoa?"

Kogo alifungua mdomo. Tunaapa alifungua mdomo. Aliona Esnah ameketi pale kwenye kiti cha kona, na watu wote, na maneno yakakaa.

"Ni mimi," Bethwel akasema.

"Wewe?"

"Nilitaka sindano za ng'ombe."

"Mjomba." Chepkirui alisema hivyo tu kwanza. Halafu akasema, "Wewe na ng'ombe zako. Sasa Emali amepona? Hongera." Na baada ya mazishi akaondoka bila kula, na mpaka leo hajakanyaga hapa.

Kogo alimmiminia mtu wa mwisho chai, akaenda jikoni, na hakurudi kusema. Si siku hiyo, si wiki hiyo. Mchungaji alipouliza aandike nini, akasema moyo, na watu wakadhani sindano zile zilikuwa za dawa ya moyo. Uongo wa pili ni rahisi kuliko wa kwanza, una mahali pa kukanyaga.

Mwaka huu wote, Kipkurui, Bethwel amekuwa mtu wa kiti cha nyuma kanisani. Emali alimtoa akampa shemeji yake. Kwenye kituo cha kupimia majani kuna watu wanaomwita, "Bethwel, leo umedunga nani?" na yeye hucheka pamoja nao, kisha anamwaga majani yake kwenye mzani na kuondoka. Janeffer hulia. Bethwel humwambia, "Waache, wamechoka, wanataka kucheka." Kwa Kogo hajawahi kusema neno moja juu ya mkebe. Analeta maziwa asubuhi, anaweka mezani, anasema, "Mama, umeamkaje?" kama mtoto mwema. Hakuna kitu kimemchoma Kogo kama hiyo salamu.

Mwezi wa nne kuna mama mmoja wa ushirika, jina lake tunaliacha, alikuja kwetu mchana akakaa muda mrefu akiongea habari ya mvua. Mwishowe akasema kwamba kijana wake yuko Nakuru na anatumia, na kwamba ameambiwa kuna dawa ya kuamsha, lakini anaogopa kuiweka nyumbani watu waione. "Nyinyi mlikuwa na bahati," akasema, "wenu alikufa kwa moyo. Mnaweza kumtaja."

Kogo alimweleza yote, huyo kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Akamwambia, "Iweke sebuleni. Weka juu ya redio. Weka juu ya Biblia. Mtu akiuliza, mfundishe kudunga."

Na wiki mbili zilizopita alimfuata Bethwel kwenye majani. Alisimama mstari wa pili, akawa anachuma naye, maana Bethwel husikia vizuri mikono ikiwa na kazi.

"Nataka kuandika ya Kipkurui gazetini," akasema. "Nataka kuandika kwamba ni mimi niliyetoa mkebe."

Bethwel aliendelea kuchuma. "Acha, Mama."

"Mbona niache?"

"Wewe ni mtu mzima. Kanisa ni lako, akina mama ni wako. Mimi nimezoea."

"Umezoea nini?"

"Hiyo."

Kogo aliangalia mikono yake. Bethwel, ambaye karani wa mzani hajawahi kumrudishia majani hata siku moja, alikuwa anang'oa kila kitu, jani changa na lile gumu la chini pamoja, anatupa nyuma kwenye kikapu bila kuangalia.

"Ulijua siku ile?" akamwuliza.

"Nilijua nikifika barabarani. Nani mwingine angeufunika na kitambaa chako?"

"Na ukasema ni wewe."

"Ulikuwa umebeba chai ya moto, Mama. Nilifikiri itakuangukia."

Wakachuma mpaka mwisho wa mstari. Halafu Bethwel akasema, "Chepkirui akisoma, atakuchukia wewe."

"Basi anichukie. Mimi ni Kogo yake. Kogo anaweza kuchukiwa na bado mtu akarudi. Mjomba hapana."

Bethwel aliketi chini hapo kati ya mistari, kikapu mgongoni, na akakulilia, Kipkurui, kwa mara ya kwanza. Tulikuwa tunasema ana moyo mgumu kwa sababu hakulia kaburini. Kumbe alikuwa hana ruhusa. Mtu anayeambiwa ameua halii mbele ya watu. Alilia mpaka Janeffer akaja mbio kutoka nyumbani akifikiri nyoka amemuuma.

Kwa hiyo ijulikane. Isaiah Kipkurui alikufa kwa heroini, baada ya miezi tisa na zaidi ya kuishinda, na alishindwa siku moja tu. Dawa ya kumwamsha ilikuwepo nyumbani. Ilitolewa mahali pake na Rodah, nyanya yake, kwa kuogopa macho ya watu wanaompenda. Bethwel alitumia sindano bila kujua. Mwenye lawama aje kwa Rodah, yuko nyumbani kila siku, na chai ipo.

Mjukuu wetu, utusamehe kwa kukuficha. Tulikuficha ukiwa hai na tukakuficha ukiwa ndani ya sanduku. Hukuwa mtu wa kufichwa. Ulikuwa mtu wa honi tatu.

Leo Jumamosi tutakuombea hapa nyumbani, saa tano. Okeyo anakuja kutoka Mombasa na atafundisha ushirika. Esnah mwenyewe amesema atakuwa wa kwanza kushika sindano, na amemwambia Kogo, "Mama Rodah, ungenionyesha tu. Ningepiga kelele siku moja, kisha ningekusaidia kupangusa vumbi." Labda ni kweli. Kogo hulala na maneno hayo.

Wanaokukumbuka ni Kogo yako Rodah; Janeffer, aliyekushonea sare ya kwaya; Okeyo, aliyekupa miaka miwili na miezi tisa ambayo haikuwa yako; akina mama wa ushirika; wachumaji wote waliokuita Mashine; mjomba wako Bethwel; na dada yako Chepkirui.

Jina la Chepkirui tumeliandika bila kumwuliza. Akitaka litolewe, aje aseme mwenyewe, hata kwa hasira. Tutampisha mlangoni.

Siku zote tulizobakiziwa, Kipkurui, utakuwa unatajwa katika nyumba hii, kwa jina lako na kwa kilichokuua.